Mehboob Khan: kijana wa zizi la farasi aliyeipa India mama yake

Tarehe 23 Oktoba 1957, katika Ikulu ya Rais mjini New Delhi, viongozi wa juu wa India walikusanyika kutazama filamu. Walikuwapo Rais Rajendra Prasad, Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru na binti yake, Indira Gandhi. Nchi ilikuwa imetimiza miaka kumi ya uhuru miezi miwili tu kabla ya hapo. Filamu yenyewe, yenye urefu wa karibu saa tatu, ilimhusu mwanamke mkulima wa kijijini, mikopo asiyoweza kuimaliza na wanawe wawili. Jina lake lilikuwa Mother India, yaani Mama India, na aliyeiongoza ni mtu ambaye hakuwa amepata elimu ya shule ya maana na ambaye kusoma na kuandika kulimpa shida maisha yake yote.

Mtu huyo, Mehboob Khan, alizaliwa mwaka 1907 katika familia maskini ya Kiislamu huko Bilimora, mji mdogo wa Gujarat ulio kati ya Surat na Bombay, mji ambao leo unaitwa Mumbai. Ni pwani inayoitazama Afrika Mashariki moja kwa moja, na kwa karne nyingi watu wa Gujarat wamepanda majahazi, na baadaye meli, kuja Unguja, Mombasa na Dar es Salaam kutafuta riziki. Mehboob naye aliondoka kwao kutafuta riziki, lakini hakuvuka bahari. Alikwenda Bombay akiwa kijana, akitaka kuwa mwigizaji.

Mji haukumpokea kwa mikono miwili. Kazi aliyoipata mwanzoni ilikuwa katika zizi la farasi, kushughulikia kwato na vyuma vyake. Kwa kuwa farasi walihitajika sana katika filamu za mapigano za wakati ule, zizi likawa mlango wake wa kuingilia studio. Aliandikwa kama mwigizaji wa ziada katika kampuni ya Imperial ya Ardeshir Irani, na katika filamu bubu ya Ali Baba ya mwaka 1927 alikuwa mmoja wa wale wezi 40. Inasimuliwa kwamba miaka michache baadaye alikaribia kupewa nafasi ya mhusika mkuu katika Alam Ara ya 1931, filamu ya kwanza ya India yenye sauti, lakini nafasi hiyo ikaenda kwa Master Vithal, aliyekuwa na jina tayari. Kama alisononeka, hakuondoka. Alibaki studio akitazama jinsi wengine wanavyofanya kazi, na mwaka 1935 kampuni ya Sagar ikamkabidhi filamu yake ya kwanza ya kuongoza, Al Hilal.

Miaka iliyofuata ilimfundisha kazi. Kubwa zaidi kuliko yote aliyoyafanya katika kipindi hicho ni filamu iliyotoka mwaka 1940, Aurat, maana yake Mwanamke. Mwanamke huyo aliitwa Radha, na aliigizwa na Sardar Akhtar, ambaye Mehboob alimwoa mwaka 1942. Radha ni mkulima anayebaki peke yake na watoto, mla riba akiwa mlangoni, na mmoja wa wanawe, Birju, anakua na kuwa jambazi. India ilikuwa bado chini ya Uingereza. Aurat ilikuwa filamu ya umaskini wa kijijini na ya mama aliyebeba mzigo kupita kiasi, basi. Haikudai kuzungumza kwa niaba ya taifa, kwa sababu taifa lenyewe lilikuwa bado halijapatikana.

Hadithi hiyo haikumtoka Mehboob moyoni. Alianzisha kampuni yake mwenyewe katika miaka ya 1940, na nembo aliyoichagua ilikuwa nyundo na mundu. Hakuwa mwanachama wa chama cha kikomunisti, na waliomfahamu walimjua kama Mwislamu mcha Mungu asiyeacha sala zake tano. Nembo ile ilisema tu alikuwa upande wa nani. Mwaka 1943, katika filamu Taqdeer, alimpa nafasi ya kwanza ya mhusika mkuu binti wa miaka 14 aliyeitwa Nargis. Mwaka 1946 akatoa Anmol Ghadi, ambamo aliimba na kuigiza Noor Jehan, na mwaka mmoja baadaye nchi ikagawanywa na Noor Jehan akahamia Pakistan. Mehboob alibaki Bombay. Mwaka 1949 alitoa Andaz, iliyowaweka pamoja Nargis, Dilip Kumar na Raj Kapoor, na mwaka 1952 akatoa Aan, filamu ya rangi na mapanga iliyofika hadi London. Kufikia 1954 alikuwa na studio yake mwenyewe huko Bandra. Mtu wa namna hiyo angeweza kuendelea kutengeneza filamu za mapenzi na nyimbo hadi uzeeni, wala asingekosa chakula.

Badala yake alirudi kwa Radha.

Jina alilolichagua safari hii lilikuwa na historia mbaya. Mwaka 1927 mwandishi wa Kimarekani, Katherine Mayo, alichapisha kitabu kilichoitwa Mother India. Kwa kutumia ndoa za utotoni, maradhi na hali ya wanawake, kitabu hicho kilijenga hoja kwamba Wahindi hawakuwa tayari kujitawala. Kiliwachoma watu wa India mioyo, hata nakala zake zikatiwa moto hadharani na vitabu vingi vikaandikwa kumjibu. Mehboob alilichukua jina lile lile, kwa makusudi. Hatua hiyo ilimletea usumbufu: mwaka 1955 wizara za mambo ya nje na habari, zilipolisikia, zilitaka kuuona mswada wa filamu kwanza, zikihofia kwamba matusi ya Mayo yalikuwa yanarudishwa katika picha. Ilibidi maofisa waelezwe kwamba filamu ilikusudiwa kuwa kinyume kabisa cha kitabu hicho, nao wakaridhika.

Kwa sehemu kubwa hadithi ni ile ya 1940. Radha, ambaye sasa aliigizwa na Nargis, anaolewa kijijini kwa shangwe. Mama mkwe wake amekopa rupia 500 kwa Sukhilala, mla riba, ili kugharamia harusi, na ameweka shamba rehani. Makubaliano yenyewe yana utata, lakini karatasi iko mikononi mwa Sukhilala na wazee wa kijiji wanahukumu kwa kufuata karatasi: robo tatu ya mavuno itakwenda kwake kila mwaka kama riba, na deni lenyewe litabaki pale pale. Mume, Shamu, anajaribu kulilima eneo la mawe ili wapate cha ziada. Jiwe kubwa linamwangukia na kumponda mikono yote miwili. Kwa aibu ya kulishwa na mkewe, anaondoka usiku na harudi tena. Linakuja gharika na kuchukua mavuno na uhai. Sukhilala anajitokeza na chakula mkononi, akitaka mwili wa Radha kuwa malipo, na Radha anamkatalia. Wanakijiji wanafunga mizigo kuhama. Ni yeye anayewaita warudi kwenye ardhi yao. Maksai hawapo tena, kwa hiyo anajifunga plau mwenyewe na kulima pamoja na wanawe. Picha ile ya mwanamke mwenye plau begani ndiyo iliyobandikwa kwenye mabango, na ndiyo watu waliyoikumbuka.

Kuna jambo moja katika hadithi hii ambalo aghalabu hupitwa haraka. Jeraha la familia ya Radha haliko kwenye ukame wala gharika peke yake. Liko kwenye daftari. Hakuna katika familia ile anayeweza kusoma kilichoandikwa na Sukhilala, na Birju, mtoto mkorofi, anakua akijua kwamba ndani ya kurasa zile kuna hila ambayo hana macho ya kuiona. Anajaribu kujifunza kwa binti wa kijijini anayejua kusoma, anajaribu kulielewa lile daftari, na anaposhindwa kupata haki kwa kusoma anageukia bunduki. Mwishowe madaftari yanateketezwa kwa moto. Mtu anaweza kuzitazama dakika zile kama vituko vya sinema. Ila akikumbuka kwamba mwongozaji mwenyewe alikuwa mtu ambaye karatasi zilimfungia mlango, ni vigumu kuamini kwamba hasira ya Birju iliazimwa kutoka mbali.

Mabadiliko makubwa kati ya 1940 na 1957 ni pale filamu inapoanzia. Aurat haikuwa na mfereji. Mother India inaanza na Radha mzee, ngozi imekunjamana, akiinua bonge la udongo hadi shavuni. Nyuma yake kuna trekta, madaraja na mabwawa, yaani India ya mpango wa pili wa maendeleo wa miaka mitano na ya bwawa la Bhakra lililokuwa likijengwa kaskazini wakati huo huo. Viongozi waliovaa nguo nyeupe wanamwomba azindue mfereji mpya wa maji, kwa kuwa yeye ni mama wa kijiji kizima. Anasita, kisha anavishwa shada la maua, na harufu ya maua inamrudisha kwenye siku ya harusi yake. Hadithi yote inapita kama kumbukumbu ya kikongwe mbele ya lango la maji.

Kwa hila hiyo moja, mateso ya mwanamke mmoja yakageuka kuwa gharama iliyolipwa ili maendeleo yafike. Kila mtazamaji aliyepoteza ndugu kwa njaa, kwa deni au katika mgawanyiko wa 1947 aliambiwa kwamba kupoteza kwake kumeandikwa mahali fulani, na kwamba maji yanakuja. Kuna wimbo mmoja wa mavuno ambapo kamera inawaangalia wakulima kutoka juu, nao wamejipanga shambani kwa umbo la ramani. Ramani yenyewe si ya India ya 1957. Ni ile ya kabla ya kugawanywa. Hapo filamu inasema kitu ambacho hotuba rasmi za wakati ule hazingeweza kukisema kwa urahisi.

Na ni nani waliosimulia hekaya hiyo? Majina ya wahusika yanatoka katika masimulizi ya Kihindu: Radha ni mpenzi wa Krishna, na Shamu na Birju yote ni majina yanayomrejelea Krishna mwenyewe. Lakini mwongozaji alikuwa Mwislamu, mtunzi wa muziki Naushad alikuwa Mwislamu, mshairi wa nyimbo Shakeel Badayuni vilevile, waandishi wa mswada Wajahat Mirza na Ali Raza vilevile, na mpiga picha Faredoon Irani alikuwa Mparsi. Nargis alikuwa binti wa mwimbaji maarufu wa Kiislamu, Jaddanbai. Miaka kumi baada ya damu ya mgawanyiko, watu hawa ndio waliokaa pamoja Bandra kumtengeneza mama wa taifa, na nchi ikamkubali bila kuuliza cheti cha kuzaliwa.

Upigaji picha ulifanyika studio na katika vijiji vya Gujarat, karibu na alikozaliwa Mehboob. Kwa nafasi ya Birju aliwahi kumfikiria Sabu, Mhindi aliyekuwa nyota wa Hollywood, lakini kibali cha kazi kilikwama. Nafasi ikamwangukia kijana aliyekuwa bado hana jina kubwa, Sunil Dutt. Tarehe 1 Machi 1957, katika kijiji cha Umra, mashuke yaliyokuwa yakichomwa kwa ajili ya onyesho yalishika moto kuliko ilivyopangwa, na Nargis akazingirwa. Sunil Dutt aliingia ndani ya moto na kumtoa; yeye mwenyewe aliungua. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 11 Machi 1958, wawili hao walioana. Walikuwa wa rika moja, wote wamezaliwa Juni 1929, ila kwenye pazia la sinema watu walikuwa wamekwisha kuwajua kama mama na mwana.

Mwisho wa filamu unajulikana hata na wasioitazama. Birju, ambaye sasa ni jambazi, anamuua Sukhilala na kumteka binti yake siku ya harusi yake. Radha anasimama njiani na bunduki. Anamwonya mwanawe kwamba heshima ya binti wa kijiji ni heshima ya kijiji kizima, hata kama binti huyo ni wa adui yao. Birju haamini kwamba mama yake anaweza kumpiga. Anageuza farasi, na mama anafyatua risasi. Anamfia mikononi, akimrudishia bangili za harusi alizokuwa amezinyang'anya kwa mla riba. Kisha tunarudi kwenye mfereji: kikongwe anafungua lango, na maji yanayoingia mashambani ni mekundu.

Dola changa lilihitaji hadithi kama hiyo. Mwaka 1957 India ilikuwa ikiwaomba watu waliozoea undugu, kabila na kijiji waikubali sheria iliyo juu ya vyote hivyo, na hapa alikuwapo mama aliyeitanguliza haki mbele ya damu yake. Hata hivyo Mehboob hakuyasafisha maji. Sukhilala alikuwa mwizi tangu mwanzo, sheria ya wazee ilikuwa upande wake kwa miaka yote, na ni mtoto aliyeidhulumiwa familia yake ndiye anayekufa. Tena hesabu yote inalipwa na mwanamke: mume ameondoka, serikali imefika na mfereji baada ya yote kwisha, na yeye ndiye mwenye bunduki na maiti. Viongozi waliokaa Ikulu siku ile walipewa hekaya waliyoitaka, pamoja na ile damu ndani yake.

Filamu ilifunguliwa kwa umma tarehe 25 Oktoba 1957, majuma ya sikukuu ya Diwali, na katika ukumbi wa Liberty mjini Bombay ilionyeshwa kwa mwaka mzima. Ilishinda tuzo za Filmfare za filamu bora, mwongozaji bora na mwigizaji bora wa kike. Nargis akapata tuzo ya mwigizaji bora huko Karlovy Vary, Chekoslovakia, mwaka 1958. Nchini Marekani ikawa filamu ya kwanza ya India kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Kwa ajili ya safari hiyo ilipunguzwa kwa dakika nyingi, na nembo ya nyundo na mundu ikaondolewa, kwa kuwa vita baridi vilikuwa vimepamba moto. Tuzo ilikwenda kwa Federico Fellini wa Italia, na husemwa kwamba tofauti ilikuwa kura moja.

Kwingineko haikuhitaji kura. Ilipendwa katika nchi za Kiarabu, Ugiriki na Umoja wa Kisovyeti, na kaskazini mwa Nigeria iliendelea kuonyeshwa kwa miongo. Katika pwani ya Afrika Mashariki filamu za Kihindi zilikuwa tayari sehemu ya maisha ya mjini; familia zilijaza kumbi za sinema za Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, na vikundi vya taarabu viliazima lahani zake na kuzitilia maneno ya Kiswahili. Wengi hawakujua Kihindi. Lakini mla riba anayepiga hodi, shamba lililowekwa rehani na mama anayelala njaa watoto wale havikuhitaji mkalimani.

Mehboob mwenyewe hakupata tena mafanikio ya namna ile. Mwaka 1962 alitoa Son of India, akimpa nafasi kubwa mtoto wake wa kulea, Sajid, yule yule aliyeigiza utoto wa Birju. Filamu ilianguka. Huenda taifa lilikuwa limekwisha kupata mama na halikuwa na haja ya mwana. Au huenda haikuwa nzuri, ndilo jibu la karibu zaidi. Mwaka 1963 serikali ilimtunuku nishani ya Padma Shri.

Tarehe 27 Mei 1964 Nehru alifariki dunia. Siku iliyofuata, mamia ya maelfu ya watu wakiwa wamejipanga barabarani New Delhi kuusindikiza mwili wa kiongozi wao, Mehboob Khan alifariki mjini Bombay. Magazeti hayakuwa na nafasi kubwa kwa ajili yake siku zile. Alizikwa katika makaburi ya Waislamu ya Marine Lines.

Hadithi aliyoiacha ilichukuliwa na wengine. Mwaka 1975, mwaka ule ule ambao Indira Gandhi alitangaza hali ya hatari, ilitoka filamu Deewaar, iliyoandikwa na Salim Khan na Javed Akhtar. Ndani yake kuna mama mmoja na wana wawili, mmoja polisi na mwingine mhalifu, na kijiji kimegeuka kuwa bandari na maghorofa ya Bombay. Mama huyo hafyatui risasi kwa mkono wake. Anamkabidhi mwanawe polisi bastola, kisha anakwenda hekaluni kumsubiri yule mwingine.